Jiko la Mkaa Chumbani kwa Mzazi, na Moshi wa Jirani Wakati wa Kipupwe



Kila ikifika Juni, mvua zikishakatika na usiku ukaanza kuwa na baridi, hutujia swali moja kutoka kwa familia za Mwanza, Ukerewe na Kome, na hata za Pemba na Unguja: je, inafaa kuweka jiko la mkaa chumbani kumpasha joto mzazi na kichanga chake? Safari hii limekuja pamoja na la pili, la muulizaji anayelalamikia moshi wa samaki unaomuingilia ndani kutoka uani kwa jirani. Tumeona tuyajibu pamoja, maana yote mawili yanatokana na hali ya hewa ya msimu huu.

Mkazi wa Mwanza anaijua picha hii. Ukitoka msikitini baada ya Alfajiri na kutazama chini kutoka vilima vya Bugando, unaona moshi umelala bondeni kama shuka, kati ya majabali na mabati ya nyumba. Kwa kawaida hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu, kwa hiyo hupanda na moshi hupanda nayo. Usiku wa kipupwe mawingu ni machache, ardhi hupoa upesi, hewa inayoigusa hupoa nayo na kuwa nzito, na juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi. Inakuwa kama sufuria iliyofunikwa. Upepo mwembamba wa usiku nao hutoka nchi kavu kushuka ziwani, ukiusukuma moshi hadi mialoni. Mpaka jua lipande na ardhi ipate moto ndipo kifuniko hufumuka na upepo wa ziwani huanza kuvuma. Bahati mbaya, saa za kifuniko ndizo saa za kukoka moto wa chai na uji.

Wenzetu wa mbali nao wanalo. Huko Wyoming na Utah, Marekani, yako mabonde wanakochimba mafuta na gesi. Mwaka 2005 wapimaji wa Wyoming walishangaa kuona ozoni nyingi katikati ya baridi, mahali penye watu wachache. Gesi zilizovuja visimani zilichanganyika na moshi wa mitambo, zikanaswa chini ya kifuniko cha hewa, kisha jua lililoakisiwa na theluji likazigeuza kuwa hewa inayounguza mapafu. Sisi theluji hatuna, wala visima ziwani hatuna, ingawa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, njia yake inapita Kagera na Geita. Kinachotusibu sisi ni kuni, mkaa, mafuta ya taa, takataka zinazochomwa uani na mashamba yanayotiwa moto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Sasa turudi kwa mzazi. Ada ya kumpasha joto ni njema, na kukandwa kwa maji ya moto hakuna neno ikiwa mkunga au daktari hakukataza. Tatizo ni jiko. Wengi hudhani hatari ya mkaa ni moshi, hivyo husubiri makaa yakolee, yawe mekundu, moshi uishe, kisha huliingiza ndani na kufunga mlango na dirisha. Lakini makaa yaliyokolea hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na mwili hukosa hewa huku mtu akipumua kama kawaida. Huanza kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyelala hapitii hata dalili hizo. Bakuli la maji kando ya jiko halisaidii kitu, wala chumvi juu ya makaa.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa nyumba iliungua Madina usiku wenyewe wakiwa ndani, na Mtume (SAW) akaagiza moto uzimwe watu wanapolala. Imam Nawawi ameeleza kuwa sababu ni hofu ya madhara, na hofu ikiondoka katazo huondoka. Huenda mtu akasema: jiko langu liko mbali na chandarua, basi hofu imeondoka. Tunasema hapana, kwa sababu madhara ya jiko ni mawili. La kuunguza umelikwepa, la gesi bado limo chumbani. Kwa hiyo jibu letu ni kwamba haifai kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, awe mzazi, mgonjwa au mgeni. Mtoto avikwe kofia na soksi, alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wafunikwe blanketi. Udi nao ufukizwe kabla, chetezo kitolewe nje, chumba kipate hewa, ndipo mama na mtoto waingie.

Ukimkuta mtu amelegea chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, umkimbize hospitali apewe oksijeni. Kwa walioko visiwani ambako kivuko ni cha asubuhi, aanzie kituo cha afya kilicho karibu usiku huo huo.

Ama moshi wa jirani, madhehebu yametofautiana. Wanazuoni wa Kimaliki walizuia moshi mpya wa tanuri na hamamu unaowadhuru majirani. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, mtu ana haki ya kutumia miliki yake kwa kadiri ya ada, na akivuka ada hubeba dhamana ya alichoharibu. Kukausha sangara kwa moshi ni kazi halali, na akina mama wengi wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Basi hatumwambii muulizaji jirani yake aache kazi. Tunamwambia jirani asogeze tanuri kutoka dirisha la watu, aliwekee dohani, atumie kuni kavu, na asiwashe alfajiri hewa ikiwa imefunikwa bali ajongeze hadi upepo wa ziwani uanze. Wasipoelewana, waende kwa imamu wa mtaa au serikali ya mtaa kabla ya kutukanana.

Wengine watatuambia: nunueni gesi. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na madrasa za bweni zimo. Ila tuseme kweli: gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje kwa meli, si ile ya Songo Songo inayozalisha umeme, na mtungi hulipiwa wote kwa mkupuo wakati mkaa hununuliwa kwa kopo. Ndiyo maana tunaona kumchangia mzazi fukara mtungi mdogo na jiko lake ni sadaka inayofaa kuliko kanga ya tatu.

Wallahu a'lam.