Mzazi akikaribia miaka 65 Marekani: Medicare haivuki mpaka

Wazee wengi wa Afrika Mashariki waliofanya kazi Marekani hupanga kuugawa mwaka wakishastaafu: miezi kadhaa kwa watoto na wajukuu kule Minnesota au Texas, inayobaki nyumbani. Mpango ni mzuri, ila kwa kawaida bima ya Medicare hailipii matibabu nje ya Marekani.

Familia ikae kikao mapema. Dirisha la kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Anayechelewa kuchukua Sehemu B, inayolipia madaktari, hali hana bima ya kazini, huongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Nyongeza hiyo haiondoki.

Kisha kuna njia mbili. Medicare Advantage ya kampuni binafsi mara nyingi ina ada nafuu, lakini humfunga mzee kwa madaktari wa eneo lake. Medicare ya kawaida hukubaliwa na madaktari wengi nchi nzima, na inaweza kuongezewa Medigap. Baadhi ya Medigap hulipa asilimia 80 ya gharama za dharura ya ugenini, ikitokea ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, baada ya mgonjwa kutoa dola 250 za kwanza. Ukomo ni dola 50,000 maisha yote.

Medigap inunuliwe ndani ya miezi 6 ya kwanza ya Sehemu B. Hapo kampuni haiwezi kumkataa mzee kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu.

Basi kabla ya kusaini, mwulizeni mzazi: anataka kuishi wapi, na kwa muda gani?