Mwenyeheri Irene Stefani: Mama wa Huruma kwa Wapagazi na Fukara

Waamini wa Gikondi, Nyeri, walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Tukiyatazama maisha yake, tunaelewa sababu.

Sista Irene Stefani alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891. Baada ya kuweka nadhiri katika Shirika la Masista Wamisionari wa Consolata, alifika Kenya mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika wengi walikuwa wametwaliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za wapagazi huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam, akiosha vidonda vyao na kukaa kando ya waliokuwa wakikata roho.

Tangu mwaka 1920 alitumwa Gikondi. Alifundisha shuleni, akatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, na kuwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma ambao watoto wao walikuwa mbali. Mwaka 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39. Alitangazwa Mwenyeheri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Ndugu wapendwa, mara nyingi sisi huwasaidia maskini kwa kutuma sadaka, nasi tukabaki mbali. Sista Irene aliingia nyumbani mwao. Tujiulize basi: ni mgonjwa yupi jirani yetu ambaye bado hatujabisha hodi mlangoni pake?