Mhusika Asiye na Jina Aitwe Nani?

Mwaka 1966 Nichelle Nichols alianza kuonekana kwenye runinga za Marekani akiwa Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika tamthilia ya Star Trek. Jina hilo lilichukuliwa kutoka neno letu "uhuru". Ikapita misimu mitatu, zikafuata filamu sita hadi mwaka 1991, na humo mote hakuna aliyemwita kwa jina lake la kwanza. Mashabiki walilitaka. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler, katika kitabu cha wasifu wa wahusika, akampa jina la Nyota, nao wakalipokea kwa mikono miwili. Kwenye skrini halikutamkwa mpaka filamu ya mwaka 2009.

Sasa mfikirie mtu aliyekuwa akiandika makala ya Uhura katika Memory Alpha, kamusi elezo ya mashabiki wa Star Trek iliyoanza mwaka 2003. Kwa kanuni yake, ukweli wa hadithi hutoka kwenye vipindi na filamu. Yale ya riwaya na vitabu vya pembeni hutajwa kando. Kwa kanuni hiyo, hadi mwaka 2009 kichwa cha makala kilipaswa kubaki Uhura, na Nyota kuelezwa chini pamoja na asili yake, hata kama kila shabiki alikwisha kulizoea. Wapo wanaouona huo kuwa ukaidi. Mimi nauona ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Anayeandika kamusi elezo ni shahidi wa yale yaliyomo katika hadithi. Akiongeza jina lake mwenyewe, msomaji hana njia ya kujua ushahidi umeishia wapi na ubunifu umeanzia wapi.

Madhara ya kuongeza majina hivyo yanaonekana vizuri kwa wapanda farasi tisa wa Sauron katika hadithi za Tolkien. Tolkien alimpa jina mmoja tu, Khamûl, nalo lilichapishwa mwaka 1980, yeye akiwa amekwisha kufariki. Katika miaka ya 1980 kampuni ya michezo ya Iron Crown Enterprises ikawapa majina waliobaki: Dwar, Ûvatha, Adûnaphel na wengine, na huyo Adûnaphel akafanywa mwanamke. Kampuni haikukosea, maana mchezaji anahitaji adui mwenye jina. Tatizo lilikuja pale waandishi waliofuata walipoyanakili majina hayo bila kusema yalikotoka. Ukikutana leo na mtu anayeapa kwamba Ûvatha ni jina la Tolkien, usimlaumu sana. Amepokea habari iliyokatwa mizizi.

Kwa hiyo kabla ya kubuni chochote, tafuta. Katika Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, hakuna mhusika anayetamka neno Ewok, lakini limo katika orodha ya majina mwishoni mwa filamu, na hapo pametosha. Baada ya orodha hiyo angalia mswada wa filamu, kisha bidhaa zenye idhini ya wenye hadithi. Katika The Empire Strikes Back, filamu nyingine ya Star Wars ya mwaka 1980, kuna mtu anayepita mbio amebeba kitu ambacho kwa kweli ni mashine ya kutengenezea aiskrimu. Jina lake, Willrow Hood, lilikuja miaka mingi baadaye kupitia mchezo wa karata wa kampuni ya Decipher. Lakini bidhaa nazo zina hatari zake. Mwaka 1978 kampuni ya vinyago ya Kenner iliwaita wahusika wawili wa kilabuni katika filamu ya kwanza ya Star Wars Hammerhead na Walrus Man, kwa sura zao tu. Baadaye wakapewa majina yao, Momaw Nadon na Ponda Baba.

Ukikosa kote, eleza badala ya kubatiza. Wookieepedia, kamusi elezo ya Star Wars iliyoanza mwaka 2005, huanza kichwa cha makala ya mhusika asiye na jina kwa neno lenye maana ya "asiyetambulika", na kumwarifu msomaji mwanzoni kabisa kwamba kichwa ni cha kukisia. Maelezo yenyewe yatokane na kinachoonekana. "Mlinzi mwenye kovu" anaweza kuthibitishwa na yeyote. "Mlinzi msaliti" ni hukumu yako. Kama amevaa kofia ya chuma iliyoficha uso, usiandike mwanamume. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwani neno "mlinzi" halikulazimishi kuchagua. Walinzi wakiwa wawili, watofautishe kwa mahali au kwa tendo, si kwa jina la mwigizaji. Na anayepita kwa sekunde tatu hahitaji makala yake. Orodha ya pamoja inamtosha.

Majina ya utani ya mashabiki hayapaswi kutupwa. Mwaka 2001 Bret McKenzie alionekana kwa sekunde chache akiwa elf katika filamu ya The Fellowship of the Ring, mashabiki wakampenda na kumwita Figwit. Filamu ya mwaka 2003 ya mfululizo huo ikampa la kusema. Hiyo ni historia halisi, iandikwe ndani ya makala kama historia.

Kuna pia wasio na jina kwa makusudi. Mjumbe anayeitwa Mdomo wa Sauron, asema Tolkien, alikwisha kulisahau jina lake mwenyewe. Ukimpa jina, umeifuta habari muhimu kuliko zote juu yake.

Jina halali likitokea, hamisha makala siku hiyohiyo na uache kichwa cha zamani kama elekezo. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mtoto wa The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars, ambaye watu walimwita Baby Yoda tangu Novemba 2019, Wookieepedia ikamwita Mtoto, hadi Novemba 2020 alipotajwa kuwa Grogu. Spishi yake bado haijapewa jina, ingawa Yoda alionekana tangu mwaka 1980. Makala yake inaitwa tu "Spishi ya Yoda", na ndani yake wamo Yoda, Yaddle na Grogu, pamoja na umri wa miaka 900 aliofikisha Yoda.