Picha za Kale za Nchi ya Jangwa: Kuzikusanya, Kuzitunza na Kuzifundishia

Mwalimu afundishaye historia katika nchi kame hukabiliwa na upungufu ulio wazi. Wafugaji wahamao hawaachi magofu mengi. Nyumba yao hupakiwa juu ya ngamia, na mahali walipolala jana hufutwa na upepo. Kwa hiyo picha ya kale, pamoja na masimulizi ya wazee, ni ushahidi wa thamani kubwa. Lakini yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba picha iliyokusanywa bila maneno yake, yaani majina ya waliomo, mahali, mwaka na habari zao, ni shahidi aliye bubu.

Mfano wa Rub' al-Khali

Rub' al-Khali, maana yake Robo Tupu, ni jangwa la mchanga lenye kilomita za mraba zipatazo 650,000, kusini mwa Bara Arabu. Kati ya mwaka 1945 na 1950, Mwingereza Wilfred Thesiger, mzaliwa wa Addis Ababa, alisafiri huko kwa ngamia. Safari zake za kwanza ziligharimiwa na idara ya kupambana na nzige, iliyotaka kujua wadudu hao huzaliana wapi. Kamera yake, aina ya Leica, aliitia katika mfuko wa ngozi ya mbuzi ili mchanga usiiharibu.

Mwaka 1948 aliupiga picha mji wa Abu Dhabi, uliokuwa na ngome na nyumba chache, nyingi zikiwa za makuti. Mafuta yaligunduliwa huko mwaka 1958. Ngome ingalipo, lakini mji ulioizunguka umebadilika kabisa, na kijana wa leo hawezi kuuona ila katika picha. Negativu za Thesiger, zipatazo 38,000, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford.

Katika kitabu chake Arabian Sands, kilichotolewa mwaka 1959, Thesiger aliwataja vijana wawili wa kabila la Rashid waliofuatana naye: Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha. Kwa sababu hiyo mtazamaji haoni "Bedui na ngamia wake" tu. Humwona mtu mwenye jina na ukoo. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya pambo na historia.

Jambo hili halihusu Waarabu peke yao. Baadaye Thesiger aliishi miaka mingi Maralal, kaskazini mwa Kenya, akapiga picha huko pia. Mwalimu atakayepangiwa shule ya Marsabit, Turkana au Samburu huenda akakuta picha za zamani katika masanduku ya wenyeji. Wazee wawezao kuzitambua sura zilizomo wanapungua kila mwaka, na mzee akifa, picha hubaki lakini jina huzikwa.

Mambo yaharibuyo picha

Picha za zamani zimepakwa gelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ukavu mwingi huifanya gelatini ikakamae na kupasuka, na karatasi hujikunja. Unyevu nao huleta ukungu. Joto kali la mchana likifuatwa na baridi ya usiku, uharibifu huongezeka. Chembe za mchanga hukwaruza, mwanga wa jua hufifisha, na mchwa hula. Gundi na utepe wa kunata huacha madoa yasiyotoka.

Kwa hiyo picha ishikwe kwa kingo, kwa mikono safi na mikavu. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kamwe si kwa maji. Kila picha itiwe katika bahasha yake ya karatasi, kisha bahasha zipangwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, mahali penye kivuli, mbali na sakafu na bati la paa. Maelezo yaandikwe juu ya bahasha kabla picha haijatiwa ndani. Ikilazimu kuandika nyuma ya picha, itumike penseli laini, bila kukandamiza.

Hatua za kufundishia

Kwanza, mwalimu azungumze na wazazi na wazee, aeleze kusudi la kazi na kuomba ruhusa. Picha ni mali ya mwenyewe: shule ichukue nakala kwa kamera au simu, na picha yenyewe irudishwe siku hiyo hiyo. Familia isiyotaka sura ya marehemu wake ionyeshwe iheshimiwe.

Pili, kila mwanafunzi amwendee mzee, amwamkie kwa heshima na kumwuliza: Ni nani huyu? Ni mahali gani? Ulikuwa mwaka wa mvua au wa ukame? Nani alipiga picha hii? Mzee asipokumbuka tarehe, tukio linalojulikana litasaidia kuikadiria. Majibu yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na jina la msemaji.

Tatu, darasani wanafunzi watenge yale wayaonayo kwa macho na yale wanayoyadhania.

Nne, waulize ni nini kisichoonekana. Mpiga picha huchagua. Thesiger, kwa mfano, aliyachukia magari na kuwapenda wasafiri wa ngamia. Mtu asiyejua hilo angeweza kudhani kwamba magari hayakuwako Arabuni.

Mwishowe, nakala zipewe namba, ziorodheshwe katika daftari la shule, na wazee waalikwe kuzitazama. Mara nyingi mzee mmoja humkumbusha mwenziwe, na kosa la jina husahihishwa papo hapo. Mwalimu asingoje kupata vifaa vya gharama: daftari, penseli na bahasha zatosha kuanzia. Kisichoweza kungoja ni kumbukumbu ya wazee.