Sitara Isiyomfaa Mgonjwa

Ndugu msomaji, aliyepasuliwa tumbo ili apunguze unene ana haki ya kuisitiri habari yake, lakini asimfiche muuza dawa. Hasa yule aliyebakishiwa kijifuko kidogo cha tumbo kikaunganishwa na utumbo: ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, hata zikinywewa kwa maumivu ya jino au goti, huweza kumtia kidonda penye kiungo hicho, nacho kikavuja damu. Parasetamoli ndiyo hutangulizwa, kwa kipimo alichoandikiwa. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kabla ya kumwuliza daktari. Akitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, akimbizwe hospitali. Nawe jirani mwema, uliza kwanza, ndipo utoe kidonge.