Hofu Inayomfunga Mtu Nyumbani

Tuseme mama mmoja amekwenda sokoni akiwa mzima. Katikati ya watu moyo wake unaanza kupiga mbio. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, pumzi inakuwa fupi, kichwa kinazunguka. Anawaza, "Ninakufa!" Anaacha kikapu chake na kukimbia nyumbani. Akifika, anapata nafuu.

Juma linalofuata anamtuma mtoto sokoni. Baadaye anaogopa kupanda gari. Mwisho, hata kanisani haji tena. Wengine wanasema, "Amerogwa." Wengine wanasema, "Imani yake imepungua." Wote wanakosea. Huu ni ugonjwa, nao unatibika.

Hofu hii ni nini?

Mungu alitupa hofu ili itulinde. Ukikutana na nyoka njiani, moyo unapiga haraka na kupeleka damu miguuni, upate kukimbia. Lakini mwili wa mgonjwa huyu unapiga kengele ya hatari na nyoka hayupo. Dalili zake zinatisha sana, lakini hofu hiyo haiui. Mara nyingi inafika juu kabisa kwa muda wa dakika 10 hivi, kisha inashuka yenyewe.

Kwa nini anaepa soko na kanisa?

Kwanza, anaelewa vibaya dalili za mwili wake. Mwaka 1986 David Clark, mtaalamu wa Oxford katika Uingereza, alieleza jambo hili: mtu anasikia moyo ukidunda, anawaza ni kifo, wazo hilo linaongeza hofu, na hofu inazidi kuudundisha moyo. Ni kama moto unaopepewa.

Pili, anaogopa hofu yenyewe. Samaki na mihogo ya sokoni haimtishi. Anaogopa kwamba dalili zitamrudia mahali ambapo hawezi kutoka upesi, na watu watamtazama. Kwa hiyo, hata akija kanisani, anakaa karibu na mlango.

Tatu, kukimbia kunamdanganya. Anasema, "Nimepona kwa sababu nilikimbia." Lakini hofu ingeshuka hata kama angebaki. Kwa kuwa hakubaki, hakupata kulijua jambo hilo. Kila mara akiepa, hofu inapata nguvu, mpaka nyumba yake inakuwa gereza.

Ufanye nini?

1. Njoo kwanza hospitali upimwe. Upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo na magonjwa mengine yanaweza kuudundisha moyo vilevile. Ukiwa na maumivu ya kifua, usikawie.

2. Munganga akisema kwamba ni hofu, anza kurudi kidogo kidogo. Nenda na dada yako mpaka mwanzo wa soko. Simama hapo. Hofu ikipanda, usikimbie. Ngoja mpaka ishuke. Rudia hivyo siku nyingi. Kisha ingia ndani ya soko. Mwisho, nenda peke yako.

3. Usinywe pombe ili kutuliza moyo. Inatuliza leo, na kesho hofu inarudi na nguvu zaidi. Ziko dawa zinazosaidia, lakini munganga ndiye wa kuzitoa.

4. Usichanganye mambo. Kuepa njia yenye watu wa silaha ni akili, si ugonjwa. Tunasema juu ya mahali ambapo wengine wanapita salama kila siku.

Nanyi jamaa na wazee wa kanisa, msimkemee mgonjwa, wala msimburute kwa nguvu. Lakini pia msimfanyie kila kazi ya nje, maana hivyo mnamsaidia kujifungia. Mfuateni nyumbani, mtembee naye, mkae naye mpaka hofu ishuke.

Ndugu, kama ni wewe unayekaa nyumbani hivyo, usione haya. Ombeni pamoja, kisha ondoka uende hatua ya kwanza leo. Hata ikiwa ni mpaka mlangoni tu, ni mwanzo mwema.