Mashine ya Kuchuma Chai ni Mali ya Nani?

Mwezi Mei 2023, mamia ya wataalamu, akiwemo Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazojifunza zenyewe kutokana na data nyingi, walitia saini tamko fupi lililoonya kwamba teknolojia hiyo yaweza kumwangamiza binadamu. Mwezi huohuo, huko Kericho nchini Kenya, waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai, na katika ghasia hizo mtu mmoja aliuawa. Onyo la wataalamu halifai kupuuzwa, lakini kwa mchumaji wa Kericho hatari haikuhitaji mashine yenye akili.

Mchumaji wa mkono huchagua majani mawili na chipukizi, akayatupa kikapuni mgongoni, na hulipwa kwa kilo. Mashine iliyozoeleka hubebwa na watu wawili wanaotembea kandokando ya mstari wa michai, huku wembe wake ukikata vilele na upepo wa feni ukiyasukuma majani ndani ya mfuko mrefu ulio nyuma. Hukata pia majani yaliyokomaa na vijiti, jambo linaloshusha ubora wa chai, ila kwa mwenye shamba gharama ya kilo moja hupungua sana. Kamati iliyoundwa na kaunti ya Kericho ilikadiria kwamba ajira zipatazo 30,000 zilipotea katika muda wa mwongo mmoja, na kwa kuwa vibarua wengi wa mashamba makubwa huishi katika nyumba za kampuni, anayepoteza kazi hupoteza na makazi.

Wanaotumainia neema ya mashine hukumbusha kwamba mapinduzi ya viwanda ya Uingereza hatimaye yaliwatajirisha hata wajukuu wa mafundi walioanza kuvunja mitambo ya kufuma mwaka 1811. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli, kwani mwaka 1812 Bunge liliifanya adhabu ya kosa hilo kuwa kifo, na mishahara ilidumaa kwa miongo kadhaa ilhali uzalishaji ukipanda; afueni ilikuja pamoja na vyama vya wafanyakazi, sheria za viwanda na haki ya kupiga kura, ambavyo vyote vilipiganiwa.

Kwa kuwa neema haijigawi yenyewe, suala zito zaidi ni umiliki. Katika mfumo wa KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo nchini Kenya, wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wanamiliki hisa za viwanda vinavyosindika chai yao, hivyo nafuu inayoletwa na mtambo bora kiwandani ina njia ya kumfikia mkulima kupitia bonasi. Lakini hata huko, kibarua asiye na shamba wala hisa hana mgawo wowote katika bonasi hiyo, na mpango wowote wa kugawana neema ya mashine usioanza na yeye, ama kwa fidia, ama kwa hisa, ama kwa mafunzo yanayotolewa kabla mashine haijaingia shambani, utamwacha palepale.